Mmemfukuza asiye na kosa: kusoma logi ya kabati la diski

SWALI

Shikamoo fundi. Nasimamia kompyuta za chama cha akiba na mikopo hapa Kigoma, maeneo ya Mwanga. Tuna seva yenye kabati la diski 6 za SATA, kila moja terabaiti 4, zimefungwa pamoja kwa RAID 5 kama diski moja kubwa. Tumejaza kama terabaiti 3 tu. Ndani ya wiki tano diski ya sloti 3 imetolewa na kontrola (kadi inayoziongoza diski) mara tatu. Mara mbili tumenunua mpya, tukaweka, ikajijenga vizuri, baada ya siku chache taa ikageuka njano. Jana asubuhi imetoka tena. Nina diski nyingine mpya hapa mezani na meneja anataka niichomeke leo. Logi ya matukio ina mistari zaidi ya 3,000, sijui hata nianzie wapi. Nimekutumia logi yote, taarifa za SMART (hali ya afya ambayo diski hujirekodia) za kila diski, na picha za daftari la mlinzi, maana huwa anaandika umeme ukikatika. Pia kuna faili moja la mikopo ya zamani halifunguki tangu mwezi uliopita, lakini hilo nadhani ni virusi. Niichomeke?

JIBU

Marahaba, binti. Usiichomeke. Iache kwenye boksi lake, usizime seva, usichomoe chochote, na kama meneja amesimama nyuma ya kiti chako mwambie fundi wa Tabora ameomba siku mbili. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza anza kunakili data kwenda diski ya nje, sasa hivi, halafu urudi kusoma hapa kazi ikiwa inaendelea. Anza na kanzidata ya wanachama, kisha fomu mlizoskani, mengine yafuate.

Haraka hii ina sababu. RAID 5 inavumilia kukosa diski moja, basi. Ya sloti 3 iko nje, zimebaki tano, na zote tano lazima zisomeke mwanzo hadi mwisho ili data ya ile iliyokosekana iweze kukokotolewa. Sasa katika hizo tano, moja inakufa. Ni ya sloti 1, ambayo taa yake inawaka kijani na hakuna aliyeitilia shaka. Ukichomeka diski mpya leo, kontrola itaanza kuzisoma zote tano mfululizo, jumla terabaiti 20, na mgonjwa atabebeshwa gunia sawa na wazima. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwenye karatasi ya vipimo kwamba inaweza kutokea sekta moja (kijisehemu kidogo cha kuhifadhia data) isiyosomeka katika kila terabaiti 12.5 hivi zinazosomwa. Diski nzima kwa kawaida inafanya vizuri kuliko hapo. Yako siyo nzima.

Haya, umeuliza uanzie wapi.

Watu wengi wakifungua logi hukimbilia mwisho, penye mstari unaosema diski fulani imekufa, wananakili namba ya sloti na kwenda dukani. Wewe uliyezoea treni ya kuja huku unajua mambo haya. Treni ikifika Tabora imechelewa saa nne, abiria wanamfokea mtu wa stesheni ya Tabora. Yeye kosa lake nini? Ukifuatilia utakuta ilisimama Nguruka, na ilisimama Nguruka kwa sababu ya jambo lililotokea Uvinza. Mstari wa mwisho wa logi ni Tabora. Mimi nataka kujua ya Uvinza.

Kabla ya kusoma, nakili logi nje ya seva. Kumbukumbu ya kontrola ina nafasi yenye kikomo, ikijaa matukio mapya yanafuta ya zamani, na kontrola yenye matatizo huandika sana, kwa hiyo inafuta ushahidi wake yenyewe. Kwa kontrola za jamii ya MegaRAID kama yako, amri ni `storcli /c0 show events file=matukio.txt`. Nakili pia logi za mfumo wa Linux wa siku hizo hizo. Wewe umeshafanya, nakusifu. Wengi wananipigia wakiwa wameshawasha na kuzima seva mara sita.

Jambo la pili ni saa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi yako ilipofunguka.

Ulinitumia picha mbili zilizopigwa kwa wakati mmoja: simu yako ikionyesha 09:52, kontrola ikionyesha 06:41. Tofauti ni saa 3 na dakika 11. Saa 3 zinaeleweka, kontrola inahesabu saa ya dunia, UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Dakika 11 ni saa yake kuchelewa tu, haijarekebishwa muda mrefu. Kwa hiyo kila tukio la kontrola liongezee 3:11 ndipo upate saa ya Kigoma. Linux yenu iko sawa na simu. Na mlinzi anaandika kwa saa zetu za Kiswahili, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, kwa hiyo saa nane ya usiku kwake ni 02:00 kwenye kompyuta.

Mpaka hapo ni hesabu ya darasa la tatu. Ugumu uko kwenye tarehe. Chukua lile tukio la pili. Kontrola imeandika tarehe 21, saa 23:04. Ongeza 3:11, unapata tarehe 22, saa 02:15. Linux nayo imeandika 22, 02:15, sawasawa kabisa. Daftari la mlinzi linasema: "Trh 21 usiku, saa 8:15 umeme umekata, 8:16 jenereta." Mlinzi aliingia zamu tarehe 21 jioni, na kwake usiku wote ule ni wa tarehe 21 mpaka kuche. Mtu asiyejua angesoma hiyo kama 02:15 ya tarehe 21, akaona kuna siku nzima kati ya umeme kukatika na diski kutoka, akasema havihusiani. Kumbe ni dakika ileile moja. Mwombe mlinzi aandike "usiku wa kuamkia tarehe 22". Neno hilo lipo siku zote, linatuondolea utata, na sijui kwa nini kwenye madaftari ya kazini tunaliacha.

Nilipoweka saa zote tatu kwenye jedwali moja, matukio matatu ya sloti 3 yalikaa hivi kwa saa ya Kigoma: tarehe 9 saa kumi na mbili na dakika 38 jioni, usiku wa kuamkia tarehe 22, saa nane na robo, na jana saa mbili na dakika moja asubuhi. Daftari lina umeme kukatika mara tatu hizohizo. Limeandika pia mara nane nyingine ambazo diski haikutoka, na hizo nane zilinivutia zaidi.

Lakini kwanza tuondoe pumba. Katika mistari yako 3,000 na ushee, iliyo mingi ni kontrola ikijisimulia maisha yake: betri ya kache imeanza mafunzo, betri imemaliza mafunzo, saa imewekwa, doria imeanza, doria imefika asilimia 10, asilimia 20. Doria ni ule usomaji wa diski zote unaofanywa chini kwa chini, kwa kawaida mara moja kwa wiki, kutafuta sekta mbovu kabla hamjazihitaji. Hiyo mistari ya kuanza na kumaliza iondoe, baki na yenye namba ya sloti na yenye habari za umeme. Nilibaki na mistari isiyofika mia, na hiyo inasomeka kwa kikombe kimoja cha chai.

Mistari ya sloti ina mwishoni namba tatu zenye mikwaju, kama 3/11/00. Hii ni lugha ya diski yenyewe, na ukijua namba chache tu unaweza kuelewa hata kama maelezo ya pembeni hayajakaa sawa. Namba ya kwanza ndiyo ya kuangalia kwanza. Ikiwa 1, diski ilipata shida ndogo ikajimalizia, songa mbele ila hesabu. Ikiwa 3, kosa liko kwenye uso wa diski penyewe, na 3/11/00 maana yake nimejaribu kusoma sekta hii nimeshindwa. Ikiwa 4, ni kosa la ndani ya diski, mitambo yake. Ikiwa 6, diski haisemi inaumwa, inatoa taarifa kwamba hali imebadilika, na 6/29/00 maana yake nimewashwa upya au nimerisetiwa. Ikiwa B, amri ilikatishwa njiani. Ukiona B/47/03, data iliharibika ikiwa safarini, basi shuku kebo au viunganishi kabla ya kushuku diski. Na ukikuta 5D kama namba ya pili, diski yenyewe inakuaga, inatabiri kifo chake. Ibadilishe bila mjadala.

Sasa chukua kalamu, hesabu kwa sloti. Usisome maneno, hesabu tu. Sloti 0, 2, 4 na 5: hakuna kitu. Sloti 3: 6/29/00 mara tisa, na 3/11/00 hata moja hakuna. Sloti 1: 3/11/00 mara arobaini, na hakuna kingine.

Hapo tu kesi imegeuka. Ile mnayoitupa kila mara haijawahi kulalamika kuhusu uso wake hata mara moja, katika diski tatu tofauti. Inachosema, mara tisa, ni kwamba imezimwa ikawashwa. Diski moja ikisema hivyo unaweza kudhani inadanganya. Diski tatu, moja ya zamani na mbili za dukani, zinasema neno lilelile zikikaa kiti kilekile. Basi kosa ni la kiti. Nadhani kwa wakati huu mmeshamsema vibaya yule muuza duka kwamba anauza diski feki. Mkikutana msalimieni vizuri.

Angalia na SMART. Kipengele namba 9 ni saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi, namba 12 ni mara ngapi imewashwa. Diski ya sloti 2 ina saa zaidi ya 38,000, zaidi ya miaka minne, na imewashwa mara 26. Hii ya mwisho ya sloti 3 ina saa 408, siku 17 tu, na imewashwa mara 19. Hamkuzima seva hata mara moja ndani ya siku hizo 17. Nani aliyekuwa akiiwasha?

Rudi kwenye jedwali la saa. Umeme umekatika mara 11 kwa mujibu wa mlinzi. Katika 11, mara tisa sloti 3 imetoa 6/29/00 ndani ya sekunde mbili, na kila mara, sekunde moja kabla yake, kuna mstari wa kabati unaosema pawasaplai namba 2 imepoteza umeme. Pawasaplai namba 1 haijapoteza umeme hata mara moja. Sijawahi kuingia kwenye chumba chenu, lakini nakuhakikishia ukienda nyuma ya kabati utakuta kebo moja imechomekwa kwenye UPS na nyingine kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukikatika, ya ukutani inakufa, mzigo wote unahamia kwa mwenzake, volti inatikisika kidogo kwa muda mfupi mno. Sloti tano zinavumilia mtikisiko huo. Sloti 3, ambayo pini zake za umeme kwenye ubao wa nyuma, ule ambao diski zote huchomekwa, hazishiki sawasawa, haivumilii. Diski inazimika, inawaka, wakati mwingine mara mbili tatu kabla haijatulia. Mara sita ilirudi haraka kontrola ikanyamaza. Mara tatu ilichelewa, kontrola ikaitoa. Ninyi mkaona zile tatu, kwa sababu ndizo zilizowasha taa.

Kuna jambo moja lingine ambalo hutoa diski nzima kwenye safu, yaani kundi la diski zilizofungwa pamoja, na nililifikiria kwanza maana diski zenu za karibuni ni za dukani. Diski ya kompyuta ya mezani ikikutana na sekta mbaya inaweza kung'ang'ana nayo muda mrefu, hata dakika, wakati diski iliyotengenezwa kwa kazi za safu huwa imewekewa kikomo, mara nyingi sekunde 7, ikubali kushindwa. Kontrola haina subira ya dakika. Ikiona kimya inaitoa. Lakini hilo lingeacha alama ya amri zilizosubiriwa hadi muda ukaisha, na kwenye logi yako alama hiyo haipo. Nimeliondoa.

Sasa sloti 1, ambaye ndiye anayeninyima usingizi.

Kosa lake la kwanza ni la tarehe 4, siku tano kabla ya sloti 3 kuanza vituko. Doria ilipita, ikakuta sekta moja haisomeki, kontrola ikakokotoa kilichokuwemo kwa kutumia pariti (data ya ziada ya kukokotolea kilichopotea) na diski nyingine, ikaandika upya, maisha yakaendelea. Hakuna taa, hakuna kengele. Hivyo ndivyo safu inavyotakiwa kufanya kazi, na ndiyo sababu ugonjwa huu haujulikani mpaka ufungue logi. Tarehe 11 ziko tatu. Tarehe 18, kwenye doria, 14. Tarehe 26, 22. Ukiangalia anwani za sekta zenyewe, hazijatawanyika, zinakaribiana, kipande kimoja kinachopanuka kama doa la mawese kwenye shuka. SMART yake, kipengele namba 5, sekta zilizohamishwa, inasema 216. Namba 197, sekta zinazosubiri hukumu, 48. Wenzake wote wana sifuri na sifuri. Utaniambia mbona mstari wa juu wa SMART umeandika kwamba diski imefaulu. Ni kweli imeandika. Mstari ule hubadilika kipengele kikivuka kikomo alichojiwekea mtengenezaji, na diski nyingi hufa zikiwa bado zimefaulu. Mimi sijausoma mstari ule kwa miaka.

Tazama tena tarehe 11 na 26. Hizo hazikuwa doria. Ni siku ulizochomeka diski mpya za sloti 3 na safu ikawa inajijenga. Tofauti ni kubwa. Siku ya doria safu ilikuwa kamili, sekta iliyoshindikana sloti 1 iliokolewa na pariti. Siku ya kujenga, sloti 3 ilikuwa tupu, kwa hiyo sekta iliposhindikana sloti 1 hapakuwa na wa kuiokoa: vitu viwili havijulikani kwenye hesabu yenye nafasi ya kimoja. Kontrola haikusimama. Iliweka alama kwamba sehemu hii imepotea, ikaacha tundu, ikaendelea mpaka asilimia 100, ikawasha taa ya kijani. Kwenye logi yako, mara tu baada ya ile mistari mitatu ya tarehe 11, kuna mitatu mingine inayosema hivyo. Wewe uliona "imejijenga vizuri".

Ndipo lilipo faili lako la mikopo. Halina virusi. Limekaa juu ya tundu. Kipande hicho hakiko tena kwenye diski yoyote ya kabati hilo, hata ukilipeleka kwa fundi gani. Litafute kwenye bakapu ya kabla ya tarehe 11. Na jiandae kukuta mengine wakati wa kunakili, maana tarehe 26 kulikuwa na mistari 22. Tumia programu ya kunakili inayoandika majina ya mafaili yaliyoshindikana na kuendelea, siyo inayokata tamaa kwenye la kwanza. Orodha hiyo itunze, utaihitaji unapozungumza na meneja.

Baada ya kunakili, na baada ya kufungua mafaili kadhaa kwenye diski ya nje ukaona yanafunguka kweli, hapo ndipo tunashika bisibisi.

Safu hii usiijenge tena. Safu iliyotobolewa matundu inabaki nayo, na kila ukibadilisha diski yanahamia kwenye mpya. Ifute, uunde nyingine, urudishe data kutoka kwenye nakala. Najua inauma. Ni kazi ya siku nzima, nafuu uifanye Jumapili kwa kupanga kuliko ikushike tarehe ya mishahara.

Sloti 3 usiitumie mpaka ubao wa nyuma wa kabati ubadilishwe. Bandika plasta juu yake, andika kwa kalamu nene. Diski ya sloti 1 itoe moja kwa moja, usimpe mtu wa nyumbani aweke sinema. Ina taarifa za wanachama, iharibiwe. Zinabaki sloti tano zinazofaa. Mimi ningefunga diski nne kwa RAID 6, ambayo inavumilia kupoteza zozote mbili, na ya tano ningeiacha kama akiba ndani ya kabati, ijiingize yenyewe mwenzake akianguka. Nafasi itakuwa terabaiti 8, ninyi mna 3. Wapo watakaosema ni ubadhirifu wa nafasi. Hao wako Dar, duka liko ng'ambo ya barabara. Kwa Kigoma, ambako kutoka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 na kipuri kinakuja kikimaliza safari yake, diski ya akiba iliyokwisha kuchomekwa ina thamani kuliko terabaiti nne tupu.

Kebo ya pawasaplai namba 2 iondoe ukutani. Kama UPS yenu inabeba, zote mbili ziende humo. Kama haibebi, nunueni ya pili. Hata ubao ukibadilishwa, hilo fanyeni.

Siku ya kutoa diski ya sloti 1, tafadhali usihesabu kwa kidole. Kontrola inahesabu kuanzia 0. Sloti 1 ni diski ya pili, na kwenye kabati nyingine zinahesabiwa kutoka chini kwenda juu, au safu kwa safu. Nakuambia kwa sababu liliwahi kunipata. Miaka ya nyuma, hapa Tabora, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, logi ilisema 2, nikahesabu moja, mbili, nikavuta. Nilikuwa nimeshika diski nzima mkononi, ile mgonjwa imebaki ndani, na safu ya RAID 5 imelala chini. Nje watoto wanaokota maembe, mimi jasho linanitoka. Tuliirudisha, kwa sababu nilikuwa na bakapu ya jana yake na siyo kwa ufundi wangu. Tangu siku hiyo nafanya hivi: naiamuru kontrola iwashe taa ya kuitafuta diski, `storcli /c0/e32/s1 start locate`, ukiweka namba ya kabati lako badala ya 32, naangalia ni ipi inayopepesa, navuta, kisha nalinganisha namba ya mfululizo (serial) kwenye lebo na ile iliyo kwenye logi kabla sijafanya kitu kingine. Na kwa kuwa utakuwa umeshamaliza kunakili, hata ukikosea hapo hasara ni aibu tu.

Saa ya kontrola nayo irekebishe ukiwa hapo, dakika 11 zisije zikampoteza atakayekuja baada yako. Ya UTC iache hivyohivyo. Bandika tu karatasi mlangoni: ongeza saa tatu.

Mwisho, zile diski mbili mlizoziita mbovu, natumaini ziko kwenye droo na hamjazitupa. Ile ya kwanza kabisa ni ya zamani kama wenzake, ya pili haijafanya kazi hata mwezi. Zichomeke moja moja kwenye kompyuta nyingine, zifanyie jaribio refu la SMART, huchukua saa nyingi kwa ukubwa huo, kwa hiyo ziachie usiku. Kisha nitumie namba ya kipengele 5, 197 na 199 (makosa ya data njiani, kwenye kebo) kwa kila moja. Nikiona sifuri kwenye zote tatu, mnazo mbili nzuri pamoja na hiyo ya mezani, na karatasi ya maombi ya kununua nyingine, kama umeshaiandaa, unaweza kuichana.